Vikombe vya Saa Nane na Nusu

Mabango yalikuwa ishirini na mawili. Mena Kielly aliyahesabu siku moja akiwa amebeba shuka, si kwa nia mbaya, ila alikuwa mtu wa kuhesabu vitu. Kila bango lilikuwa na picha ya kengele nyekundu na maneno yale yale: BONYEZA KABLA YA KUSIMAMA. Yalibandikwa juu ya vitanda, kwenye milango ya vyoo, hata kwenye chumba cha kufulia ambamo hakuna mgonjwa aliyewahi kutia mguu. Mwezi mmoja kabla ya mabango, wazee kumi walianguka katika wodi ile ya vitanda ishirini. Mwezi wa tatu baada ya mabango, wakaanguka kumi na mmoja.

Sasa Trevor Hann wa ofisi ya mkoa alikuwa amekuja tena katika hospitali yao ndogo ya ghuba ya Dunphy's Arm. Alikuwa ameendesha gari saa tatu nzima kwenye barafu, akala bakuli mbili za supu ya mbaazi bila kuinua kichwa, kisha akatandaza karatasi zake kwenye meza ya wafanyakazi na kusema kwamba safari hii dawa imepatikana. Kila kitanda kitawekewa mkeka wenye king'ora. Mgonjwa akiinua makalio tu, king'ora kinalia. Vitanda vyote ishirini, kuanzia Februari mosi. Na kuanzia sasa, mgonjwa atakayefikisha kuanguka mara tatu hatasimama tena ila ashikwe na watu wawili, na jina lake litapelekwa kwenye makao ya wazee ya mjini, mwendo wa saa nne kutoka pale, yenye wafanyakazi wa kutosha.

Mena hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu wa wodi: aliogesha watu, akalisha, akatandika, akapitisha chai. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na katika mikutano hakuwa na desturi ya kusema. Siku ile aliinua mkono.

"Bwana Hann, huo mkeka umejaribiwa kwa mtu mmoja kwanza?"

"Umejaribiwa katika hospitali nyingi, Bi Kielly."

"Hapa je?"

"Hapa tutaanza na wote kwa pamoja."

"Mabango nayo tulianza na wote kwa pamoja," alisema Mena.

Mhudumu mwenzake, Calvin Budgell, alikohoa ndani ya kikombe chake. Muuguzi mkuu wa wodi, Roslyn Burry, aligeuka kutazama dirisha kana kwamba theluji ilikuwa imesema jambo.

Hann hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini. "Una wazo lingine?"

"Bado. Nipeni wiki sita nilitafute."

"Kwa kibali cha nani?"

"Changu," alisema Roslyn, akiwa bado anatazama theluji. "Mtu mmoja mmoja, Mena. Na kila kitu kiandikwe."

Kibali hicho kilimshangaza Mena kuliko mtu mwingine yeyote pale mezani.

Nyumbani, katikati ya kurasa za kitabu chake cha mapishi, alikuwa amehifadhi kijikaratasi kilichoachwa na mgeni mmoja aliyewahi kuja kufundisha wauguzi. Mena hakualikwa kwenye mafunzo yale. Yeye alikuwa akipeleka sandwichi. Lakini alikichukua kijikaratasi kile na kukisoma mara nyingi hadi kikachakaa mikunjoni. Kilisema mambo machache. Tafuta wazo dogo. Kabla ya kulijaribu, andika unachodhani kitatokea. Jaribu kwa mtu mmoja, siku moja. Tazama kilichotokea, hata kama hukukitaka. Ndipo uamue kama utalishika, utalirekebisha, au utalitupa.

Alichukua daftari la shule la karatasi za miraba. Wiki ya kwanza hakubadilisha kitu. Alitazama tu, na akapekua fomu za walioanguka miezi iliyopita. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walikuwa wameanguka kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, wakielekea chooni. Chai ilipita wodini saa nane. Saa tisa chai ilitaka kutoka, na saa tisa hiyo hiyo wauguzi wote walikuwa wamejifungia ofisini wakikabidhiana zamu. Kati ya wale tisa, aliyebonyeza kengele hakuwapo hata mmoja.

Kitanda cha saba kilikuwa cha Leander Rideout, mwenye miaka themanini na minne. Miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la kusukuma theluji, na bado alikuwa na mabega ya usukani mkubwa. Aliletwa na homa ya mapafu. Homa ikaisha, miguu ikabaki nyuma. Daktari alikuwa amesema akiweza kutembea ukumbi wote, kwenda na kurudi, kabla Februari haijaisha, atarudi nyumbani kwa mkewe Violet, juu kule kilimani ambako moshi wa jiko lao ulionekana kutoka dirishani pake. Tayari alikuwa ameanguka mara mbili.

"Mjomba Leander," Mena alimuuliza, "kwa nini hukubonyeza?"

"Wasichana wale wana kazi, kipenzi. Niwaite waje wanitazame nikikojoa?"

"Ndiyo kazi yao."

"Kazi yao ni wagonjwa."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi napita tu hapa."

Mena hakumlaumu. Watu wa ghuba ile ndivyo walivyolelewa. Mtu huamka alfajiri akaondoa theluji mlangoni kwa jirani, akatoweka kabla jirani hajaamka, asije akashukuriwa. Kutoa msaada si neno. Kuuomba ndiyo aibu. Mena mwenyewe alimzaa mtoto wake wa pili jikoni, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na hakutaka kumsumbua mwenye gari wakati wa chakula. Aliyaangalia mabango yale upya. Ofisi ya mkoa ilikuwa imetumia wino mwingi kuwaomba watu wafanye jambo moja ambalo wasingelifanya hata nyumba zikiwaka moto.

Basi atawaondolea aibu hiyo. Ataenda mwenyewe kabla hawajahitaji kuomba. Akaandika: *Kesho saa nane na nusu nitamuuliza Mjomba Leander kama anataka chooni. Nadhani atakubali.*

Kesho yake akamuuliza.

"Niko sawa kabisa, kipenzi. Nenda kwa wanaohitaji."

Robo saa baadaye alimkuta ameshikilia sinki kwa mikono miwili, kucha zimekuwa nyeupe. Akaandika: *Hakukubali. Nilikosea.*

Siku ya pili hakuuliza. Aliandika kwamba akiambiwa tu waende, ataenda. Alisimama mbele ya kitanda na kusema, "Haya, Mjomba, saa ya choo imefika."

Leander alishusha gazeti. "Nilikuwa nikiwafungulia barabara watu wa vijiji vinane. Leo napangiwa saa ya kukojoa?"

"Haikuwa nia yangu kukudha..."

"Najua, mwanangu. Lakini nenda."

Akaandika: *Hakwenda. Amekasirika. Nilikosea tena.* Calvin aliyasoma maneno hayo juu ya bega lake.

"Daftari zuri hili," alisema. "Ukilimaliza tutajua mambo yote usiyoyajua."

"Ndiyo maana nimenunua kubwa."

Siku ya tatu hakuwa na wazo. Alikuwa anakusanya vikombe. Toroli la chai lilikuwa la chuma, zito, na gurudumu lake moja la mbele lilikuwa na tabia ya kwenda linakotaka. Mlangoni mwa chumba cha Leander likagoma, likageuka ubavu. Mena alisukuma, akavuta, akalipiga teke dogo.

"Unalionea," ilisema sauti kutoka kitanda cha saba. "Uzito wote umeuweka nyuma. Gari la namna hiyo haliendi."

"Basi njoo unisaidie, Mjomba, maana mimi limenishinda."

Maneno yalimtoka kama yanavyomtoka mtu kwa mtu wa kwao. Alipogeuka, Leander alikuwa tayari ameketi ukingoni mwa kitanda akitafuta viatu kwa miguu. Mena alimshika mkanda wa kiunoni, akamwinua. Mzee akashika mpini wa toroli, akahamisha sinia moja la vikombe akaliweka mbele, na toroli likanyooka. Wakaenda hivyo kitanda hadi kitanda, yeye akisukuma, Mena akikusanya na kumshika mkanda. Walipofika mlango wa choo Leander alisimama.

"Shikilia hapa kidogo," alisema, kama dereva anayeshuka kukagua tairi. "Nakuja."

Mena alisimama ukumbini na vikombe ishirini vichafu. Hakuwa ameandika chochote mapema, kwa hiyo hakulihesabu kuwa jaribio. Lakini jioni aliandika: *Kesho nitamwomba yeye anisaidie mimi. Nadhani atakuja.*

Alikuja. Akaja na siku iliyofuata. Mena alimwomba mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitazame toroli, naye akashauri katoni mbili za maziwa ya kopo ziwekwe rafu ya chini, ili lisije likamkimbia mzee. Wiki ya tatu akajaribu kwa Shangazi Stella wa kitanda cha tisa, ambaye hakupenda toroli lakini alikubali kwenda kuhesabu taulo za chooni, kwani Mena, alisema Stella, hakujua kuhesabu tangu akiwa darasa la pili. Wiki ya nne ikawa zamu ya Calvin, kuona kama jambo lenyewe litaenda kwa mkono mwingine. Siku ya kwanza halikwenda kabisa.

"Ulimwambiaje?" Mena alimuuliza.

"Nilimwambia, Mjomba, njoo tusukume vikombe ukakojoe."

"Calvin."

"Nilikuwa mkweli."

"Mwombe msaada unaouhitaji kweli. Vikombe vipo. Vinakusanywa kila siku. Chooni atafika mwenyewe."

Wakaandika hivyo, na siku ya pili Calvin akafanikiwa kwa watu watatu. Kwenye ukuta wa chumba cha chai Mena alibandika karatasi ya miraba: siku zikienda kulia, walioanguka alasiri wakipanda juu. Nukta za Desemba zilirukaruka. Kuanzia Krismasi, zikalala chini kabisa kwenye mstari, siku baada ya siku, kumi na sita mfululizo.

Jumatano ya pili ya Januari, saa nane na dakika ishirini na tano, Roslyn alimwita ofisini. Hann alikuwa kwenye simu, akitaka takwimu za ripoti yake siku hiyo hiyo. Mena alitazama saa ya ukutani. Calvin alikuwa likizo.

"Ni dakika tano tu," alisema Roslyn.

Zilikuwa arobaini. Mena alijibu swali baada ya swali huku toroli likimsubiri ukumbini na vikombe vimepoa. Kisha wakasikia kishindo, na baada yake mlio wa kikombe kimoja kikibingirika sakafuni.

Leander alikuwa chini, karibu na gurudumu lile kaidi. Nyonga ilikuwa nzima. Kiwiko kilikuwa na mchubuko.

"Ulichelewa," alimwambia Mena wakati wanamwinua. "Nikadhani umezidiwa na kazi. Nikaona nianze."

Roslyn alifunga mlango wa ofisi. Fomu ya kuanguka ilikuwa mezani, na juu yake kulikuwa na fomu nyingine, ile ya makao ya mjini, iliyohitaji sahihi moja tu, ya muuguzi mkuu.

"Hii ni mara ya tatu," alisema.

"Najua."

"Hapa kuna kisanduku kingine. 'Aliketi sakafuni bila kuanguka.' Hakuna aliyemwona akianguka, Mena. Tulisikia kikombe." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ukikitia alama hicho, ukuta wako unabaki safi, na yeye anabaki hapa. Siku kumi na saba mfululizo. Hann hatakuwa na la kusema."

Mena alishika penseli. Alimpenda yule mzee. Aliupenda na ule mstari wa nukta, akauonea haya upendo huo. Alitoka bila kuandika, akaenda kitanda cha saba, akamweleza Leander mambo yote, fomu mbili na kisanduku.

Leander alimsikiliza hadi mwisho. Nje ya dirisha moshi wa Violet ulikuwa umenyooka juu, hakuna upepo.

"Tulikuwa na daftari la barabara," alisema. "Ukimaliza sehemu yako unaandika: wazi, au haiko wazi. Mwaka mmoja, siku ya sikukuu, nilikwama kwenye kona ya juu nikarudi. Msimamizi akaniambia, andika wazi, nani atapita huko leo? Nikaandika haiko wazi. Alinuna hadi Pasaka."

"Na kuna aliyepita?"

"Hakupita mtu. Asingejua mtu yeyote." Alikuna kiwiko chake juu ya bandeji. "Lakini madereva wa gari la wagonjwa walikuwa wanasoma daftari lile kila asubuhi, na walikuwa wanaliamini. Nilianguka, mwanangu. Andika nilianguka."

"Watakupeleka mjini."

"Waje wanichukue, basi. Wengine walishajaribu kunitoa barabarani, na walikuwa na magari makubwa zaidi." Akachukua gazeti. "Andika na saa uliyochelewa. Hiyo nayo usiiache."

Mena aliweka nukta kwa kalamu nyekundu, juu, peke yake. Pembeni aliandika: *Saa tisa na dakika tano. Vikombe havikukusanywa. Mhudumu alikuwa ofisini akijibu simu.* Hakuandika simu ya nani.

Wiki iliyofuata Hann alikuja mwenyewe. Walikaa chumba cha chai, chini ya karatasi ile: Hann, Roslyn, Mena, na Calvin aliyekuwa amerudi. Fomu ya makao ya mjini ilikuwa mbele ya Roslyn, bado haina sahihi. Hann aliisoma karatasi ya ukutani kwa makini, akasoma na maandishi ya pembeni, na masikio yakamwiva kidogo.

"Mmefanya kazi nzuri," alisema. "Sitakataa. Lakini ameanguka. Mkeka ungelia."

"Ungelia," Mena alikubali. "Na nani angekuja? Tulikuwa ofisini wote, tunaongea na wewe."

"Hiyo ilikuwa siku moja tu."

"Ndiyo. Na siku hiyo moja ndiyo iliyotufundisha kuliko zile kumi na sita. Nilikuwa sijui kama kinachowazuia wasianguke ni toroli, au ni bahati, au ni Krismasi. Sasa nadhani ni ile saa. Saa ikiachwa, mtu anaanguka."

"Utaratibu wa mara tatu ni wa mkoa mzima, Bi Kielly. Sikuutunga mimi."

"Ulijaribiwa kwa nani?"

Calvin alitazama viatu vyake kwa heshima kubwa.

"Tuyachukue haya moja moja," alisema Hann, akigeuza ukurasa. "Tuna mambo sita, na barabara itafungwa jioni. La kwanza..."

Mena alisimama. Saa ya ukutani ilikuwa imefika nane na nusu.

"Mkutano haujaisha," alisema Hann.

"Najua."

"Bi Kielly, nimeendesha saa tatu kuja kuzungumza habari ya mgonjwa huyuhuyu."

"Na nakushukuru. Juma lililopita nilibaki kitini, na ile pale ndiyo nukta yake." Sauti yake haikupanda. "Leo sibaki. Kama ni kuniandikia barua ya onyo, mwandikie Mena Kielly, kwa jina langu lote, na usiiandikie wodi."

Akatoka. Mlango aliuacha wazi. Walimsikia akilivuta toroli, wakasikia na lile gurudumu.

"Mjomba Leander, limenigomea tena."

"Halijakugomea. Hujui kupakia."

Roslyn aliichukua fomu ya makao ya mjini, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare yake.

"Hiyo inahitaji sahihi," alisema Hann.

"Inahitaji yangu," alisema Roslyn. "Na sijawa tayari. Leta mikeka kumi, Trevor. Upande wa mashariki kumi wapate mikeka, upande wa magharibi tuendelee na vikombe, hadi mwisho wa Machi, na kila anayeanguka aandikwe, wa kwako na wa kwangu. Kabla ya hapo hatoki mtu hapa kwenda mjini kwa sahihi yangu."

"Na ofisini niwaambie nini?"

"Waambie barabara ilikuwa imefungwa." Alikuwa tayari amesimama. "Calvin, vitanda vya upande ule havina mhudumu. Njoo."

Hann alibaki peke yake na karatasi ya miraba. Baada ya muda naye alitoka, akasimama kando ya mlango wa choo. Ukumbini toroli lilikuwa likija polepole, mzee mwenye bandeji kiwikoni akilisukuma, mwanamke amemshika mkanda kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono mwingine. Lilipofika mbele yake likasimama.

"Wewe ndiye wa mikeka," alisema Leander.

"Ndimi, bwana."

"Una mikono miwili?"

Hann aliitazama mikono yake.

"Basi shika sinia hilo la juu, linayumba. Na usisimame mlangoni mwa choo, mwanangu, hapo mimi napita."

Hann alishika sinia. Leander akaachia mpini, akaingia chooni na Mena. Baada ya kumkalisha, Mena alitoka akauegemeza mlango, akasubiri kwa nje na mkono juu ya kitasa. Kutoka mfukoni alitoa daftari na penseli, akaandika kwa haraka, akiliweka daftari juu ya toroli: *Kesho, saa nane na nusu. Nadhani atafika mwisho wa ukumbi.*

"Unaandika nini tena?" ilisema sauti ya ndani.

"Mambo nisiyoyajua, Mjomba."

"Andika na gurudumu, basi. Litiwe mafuta."

Mena alilitazama gurudumu.

"Hapana," alisema. "Hilo tuliache lilivyo."